Nimemsindikiza Tu

Chumba chetu kiko nyuma ya kantini,
mlango wa bluu unaokwama mvua ikinyesha.
Kibao kinasema MSAADA WA KITAALUMA,
na kwa sababu ya kibao hicho
watu hupita kana kwamba wanakwenda chooni:
macho kwenye simu, hatua za haraka,
kisha ghafla, kulia, ndani.

Mimi nakaa hapo Jumanne na Alhamisi,
saa kumi hadi saa mbili usiku.
Nina daftari, kalamu iliyofungwa uzi, chupa ya chai,
na sapu mbili za mwaka wa kwanza
ambazo simtajii mtu hadi amalize kikombe.

Daftari lina safu nne:
Jina. Kozi. Tatizo. Sahihi.
Kwenye Tatizo huandika "Takwimu",
"Kiingereza cha ripoti", "Marejeleo".
Mmoja aliandika "Mhadhiri", akafuta,
lakini kalamu ilikuwa imeshachimba karatasi.

Nsiande alikuja wiki ya nne, na rafiki yake.
"Mimi nimemsindikiza tu," akasema,
akakaa karibu na mlango.
Rafiki aliuliza swali moja, akaridhika, akaenda zake.
Msindikizaji akabaki.

Akaniomba daftari. Kwenye Tatizo
akaandika polepole, kwa mwandiko wa shule ya msingi:
"Sijui nisichokijua."
Mlima ulikuwa wazi jioni ile, theluji na kila kitu.
Moshi nzima sidhani kama kuna aliyeutazama;
sisi tulikuwa na jaribio kesho.

Nikamfundisha mchepuko sanifu kama nilivyofundishwa:
toa wastani, kipeo cha pili, jumlisha, gawanya, kipeuo.
Akaandika yote. Akatikisa kichwa
kama mtu anayeitikia salamu ya lugha asiyoijua.
Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.
Ndivyo tulivyo tukishindwa kueleza: tunaongeza sauti.

Saa moja na nusu umeme ukakatika.
Ni gizani alipopata maneno.

"Mama anauza mitumba Kiboriloni.
Chukua mabelo mawili ya mashati.
Ukipiga hesabu, huku shati elfu tatu, na huku elfu tatu.
Lakini la kwanza yote yanalingana.
La pili lina shati moja la elfu kumi na tano
na mengine ya kupigia deki.
Mama haendi na wastani.
Anachungulia kwenye mshono, anaingiza vidole viwili,
anasema, hili limetawanyika, litaniua."

Akanyamaza. Kisha:
"Ndiyo hiyo?"

Nikasema ndiyo hiyo.
Sikumwambia kwamba nimekikokotoa kitu hicho miaka mitatu
na ndiyo kwanza nakiona.

Akaja Alhamisi. Akaja Jumanne.
Aprili ikamwaga mvua, mlango ukavimba;
alijifunza kuupiga teke, chini kushoto, kama mwenyeji.
Bumu likachelewa, tukanywa chai bila sukari
na kusahihishana aya za ripoti,
yeye akikata maneno yangu makubwa
kama anayechambua mchele.

Wiki ya mtihani hakuonekana.
Nami sikuuliza. Utamfuataje mtu bwenini
kumwuliza kama ameelewa?

Matokeo yalitoka Ijumaa, namba tupu, bila majina.
Nilisimama mbele ya ubao nikikisia:
hii yenye C imekaa kama yeye.
Lakini na ile ya chini yake, yenye nyota ya sapu,
nayo imekaa kama yeye.
Nikaondoka. Njia nzima hadi Soweto
nilikuwa nikizijumlisha zote mbili, nikigawanya.

Muhula mpya, Jumanne ya pili, saa kumi na robo,
mlango ukapigwa teke. Chini kushoto.
Nsiande. Nyuma yake kijana mrefu wa Mwika,
kofia imeshuka hadi nyusi,
akiangalia kila kitu isipokuwa kibao.

"Mimi nimemsindikiza tu," kijana akawahi kusema.

Nsiande hakucheka.
Akavuta kiti, akakiweka karibu na mlango,
akamimina chai, akampa.
Daftari akaliacha limefungwa.